Maparachichi ya Baba Mkwe

Mke wangu aliondoka na begi moja na sufuria aliyopewa na mama yake. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, ninyi na mimi: yeye anapanda pikipiki bila kugeuka nyuma, mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa. Kwa ambaye hakuwepo nitarudia kwa kifupi, maana hata mimi mwenyewe nimechoka kuyasikia.

Mimi ni fundi wa makontena ya baridi, yale yanayobeba samaki, nyama na matunda kwenda ng'ambo. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye ghala la kugandishia samaki. Baridi ya mle ndani ilikula vidole vyangu. Ncha zote zimekufa ganzi. Nikishika kikombe sijui ni cha moto mpaka nione mvuke.

Mwaka huu mama yangu alifariki. Kule chumba cha maiti ndugu walipita mmoja mmoja kumshika mkono, na kila aliyemgusa aliangua kilio, "Jamani, amekuwa baridi!" Zamu yangu ikafika. Nikamshika. Sikusikia kitu, si baridi si joto. Nikauweka mkono wake pale pale nilipoukuta, nikatoka nje, nikauliza kama gari la jeneza limeshafika.

Tangu siku hiyo sijalia. Wala sijacheka, kama kuna anayeuliza.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Umeme ukakatika ghalani, samaki wakaharibika, lawama ikazunguka ikitafuta pa kukaa, ikaona mimi nina nafasi. Nikafukuzwa. Nikapata kibarua kwenye yadi ya makontena bandarini. Nyumbani nikawa nakula, nalala, naamka. Mke wangu alivumilia, tena sana, mpaka asubuhi ile alipopaza sauti majirani wote wakasikia:

"Mimi nimeolewa na mtu au na friji? Nionyeshe kitu kimoja tu unachokijali hapa duniani!"

Nilifikiri nimpe jibu. Nilipolipata, pikipiki ilikuwa imeshakata kona.

Haya, sikilizeni sasa ya wiki hii.

Nilikuwa nimelala chali chini ya mashine ya kontena moja, bisibisi mdomoni, nikaona viatu vimesimama karibu na kichwa changu. Viatu vya shamba, vina udongo mwekundu. Nikavijua. Nikatoka taratibu kama mtoto aliyekutwa jikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sikuja kama mkwe. Nimekuja kama mwenye mzigo."

Baba mkwe wangu ni mkulima wa maparachichi. Hakuwahi kunipenda. Siku ya posa aliuliza ninafanya kazi gani, wazee wangu wakamwambia nagandisha samaki. Akasema, "Samaki hugandishwa na aliyeshindwa kumuuza." Ukumbi mzima ukacheka. Mpaka leo shemeji zangu wakiniona wanaulizana bei ya samaki.

"Mzigo gani, baba?"

"Maparachichi. Yangu na ya majirani zangu wote wa bondeni. Tumepata mnunuzi ng'ambo, mwenyewe, bila dalali katikati. Kontena zima." Akavua kofia, akaivaa tena. "Wao wamenipa mimi, kwa sababu nina mkwe bandarini. Nimetembea kijiji kizima nikisema nina mkwe bandarini. Unaona nilipofika?"

"Naona, baba."

"Yakiharibika, nitapita njia gani kwenda hata dukani?"

Nikamwambia hayataharibika. Nilisema tu, kama fundi anavyosema.

"Na kuna neno lingine." Akakohoa. "Binti yangu anasema hivi. Mzigo wa baba yake ukifika mzima kwa mkono wako, atafungua lile begi. Ukifika umeoza, muwaite wazee muachane kwa heshima."

"Kasema yeye au umesema wewe?"

"Kasema yeye. Mimi ningesema tangu mwaka juzi."

Basi, huo ndio mzani wenyewe. Upande mmoja mke wangu, upande wa pili maparachichi.

Nilimchagulia kontena zuri kuliko yote yadini. Nikaliosha ndani mpaka harufu ya nyama ya mteja wa mwisho ikaisha. Nikapima gesi, nikabadilisha mpira wa mlango uliokuwa umechoka. Nikaweka baridi ya tunda, ambayo ni ndogo, si ya samaki, maana parachichi likiganda linakuwa sabuni. Nikafungua kidirisha cha hewa kidogo. Samaki aliyekufa amekufa, hana haja ya hewa, lakini tunda lililochumwa bado lipo hai, linapumua njia nzima mpaka mezani kwa mtu.

Halafu nikampigia simu. "Baba, nitakuja mwenyewe huko shambani siku ya kupakia. Msianze kabla sijafika."

"Haya."

Siku yenyewe ikafika, nikavaa shati safi. Nikafika geti la yadi kwa haraka zangu, nipande lori linalopeleka kontena shambani, nikasikia jina langu la utani likipigwa yadi nzima.

"Friji! We Friji!"

Huyo ni msimamizi wetu, tunamwita Kengele. Hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini, hata siri anaitangaza. Kontena la nyama la mteja mkubwa lilikuwa limekufa mashine kwenye jua.

"Bosi, leo niliomba ruhusa. Kuna mzigo wa mkwe wangu."

"Mkwe wako ndiye anayekulipa mshahara? Nenda! Ila ukienda, usirudi!"

Nikabaki. Nikavua shati safi, nikavaa ovaroli. Nilipomaliza nyama ya watu jua lilikuwa limeshapinda. Nikapiga simu shambani.

"Baba, nakuja sasa."

"Uje kufanya nini? Tumeshapakia. Dereva alikuwa ananipigia honi kama nimemwibia mke. Tumefunga na lakiri imepigwa mbele ya macho yangu."

Lakiri ni ule msumari mnene wa chuma wenye namba, unaopigwa kwenye komeo la mlango. Ukishapigwa haufunguki, unakatwa tu. Na ukikatwa bila mwenye mzigo kuridhia, jina lako ni mwizi.

"Mmepakia vizuri? Hamkuvuka ule mstari mwekundu wa juu, mwisho wa kupanga maboksi?"

"Hatukuvuka. Tulia, mkwe. Nimepakia kwa mkono wangu, kama nilivyopakia maisha yangu yote. Hakuna lililochubuka."

Mkwe. Aliniita mkwe. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Kontena likaingia yadini siku iliyofuata asubuhi. Nikalichomeka umeme mwenyewe, nikasimama mbele ya skrini yake. Baridi ilikuwa pale pale nilipoiweka. Nilipita kuliangalia mara nyingi mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimelichumbia.

Mchana, mlinzi wa geti akanifuata. "Friji, una mgeni. Mwanamke. Tena mzuri, sijui kwako amefuata nini."

Alikuwa mke wangu.

Tulikaa kwenye benchi la kantini, nje, kwenye kivuli cha makontena matupu. Alikuwa amebeba bahasha ya karatasi za mzigo mapajani. Nikamwagizia chai.

"Baba amenituma," akasema. "Amesema niwe macho yake hapa mpaka meli iondoke. Pakiwa na la kuamua, niamue mimi. Yeye tumekuja naye, amebaki nyumba ya wageni hapa karibu, miguu inamsumbua."

"Miguu au mimi?"

Akacheka kidogo, akaficha kwenye kikombe. "Vyote viwili. Lakini jana usiku amekusifia."

"Nani?"

"Baba! Amesema ulibadilisha mpaka mpira wa mlango. Dereva ndiye aliyemwambia. Amesema, 'Huyu kumbe anajali, ila hajui kusema.'" Akaniangalia. "Ni kweli?"

Nilitaka kusema ni kweli. Neno lilikuwa linatafuta njia, na mimi huwa nachelewa.

Hakuningoja. Alikuwa na furaha, na mke wangu akifurahi huwezi kumfunga breki. Akaanza kunisimulia siku ya kupakia. Nani alianguka na boksi, nani alijificha kazi ilipokuwa nzito, jinsi majirani walivyokuja na watoto kuliona kontena kama wamekuja kumwona bibi harusi.

"Na ungeona ndani baba alivyotandika, ungefurahi."

"Alitandika nini?"

"Sakafu. Tuliikuta chuma kitupu, tena ina mifereji mifereji, imetokeza kama mbavu. Baba akasema matunda yangu hayalali juu ya chuma, yatachubuka. Tukabomoa maboksi ya zamani, tukatandika chini kote, kona mpaka kona. Juu yake magunia. Mimi ndiye niliyepiga selotepu kwenye maungio yote." Akanionyesha vidole vyake. "Mpaka kucha imekatika. Hata sisimizi hapiti."

Nikaweka kikombe chini.

Ndugu zangu, kontena la baridi si friji ya nyumbani. Baridi yake inatoka chini. Mashine inapuliza hewa kwenye ile mifereji ya sakafu, hewa inapanda katikati ya maboksi, inabeba joto la matunda, inarudi juu kwa mashine. Ukiziba ile mifereji umeuziba mzigo pua. Baridi inazunguka hapo hapo karibu na mashine, na skrini, ambayo inapima hewa ya mashine na si tunda, inakwambia mambo safi. Ndani huko matunda yanapumua gizani, yanapashana joto, yanaivishana. Yakifika ng'ambo unaweza kuyamimina kwa ndoo.

Na mzee hakukosea kwa ujinga. Maisha yake yote amepakia kwenye magari ya wazi, na kwenye gari la wazi ukitandika vizuri unaokoa mzigo. Alifanya alichokijua, kwa upendo, na binti yake akapiga selotepu kwa upendo.

"Mbona umenyamaza?" mke wangu akauliza.

Niligeuka kulitazama kontena la baba yake.

"Umeanza tena." Uso wake ukashuka. "Nakusimulia kitu tumekifanya kwa mikono yetu, unakuwa ukuta. Kumbe baba amejidanganya."

"Inabidi tulifungue," nikasema.

"Tufungue nini?"

"Kontena."

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, ila vibaya zaidi. Kwanza aliniangalia kama nimelewa. Halafu akaangalia kucha yake iliyokatika.

"Mwambie baba," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi siwezi."

Nikampigia mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

"Baridi inatoka sakafuni," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nimeishi miaka yote hii, upepo unatoka milimani, unatoka baharini. Leo naambiwa unatoka sakafuni. Na hiyo televisheni yake inasemaje?"

"Skrini inasema vizuri, lakini..."

"Inasema vizuri!"

"Baba, inapima hewa, haipimi matunda."

"Tukifungua, meli inatungoja?"

Meli haimngoji mtu. Ilikuwa gatini tayari, na kreni zilikuwa zinabeba. Tukifungua, tukatoa mzigo, tukaupakia upya, safari hiyo imeshatupita, tena itabidi tungoje ijayo huku matunda yameshachumwa.

"Basi sikiliza," mzee akasema. "Mimi nilikuwa nimeanza kukupenda, nikajiona mjinga, nikasema potelea mbali. Sasa unataka nisimame mbele ya majirani niwaambie meli imeondoka, mzigo umebaki, kwa sababu mkwe wangu hakuipenda sakafu. Ukigusa ule mlango, binti yangu umemwona mara ya mwisho. Nakuja huko sasa hivi, miguu hivyo hivyo."

Akakata.

Nikarudisha simu mfukoni. Kwa ninavyojijua, hapo ndipo ningerudi kazini. Siku zote ndivyo nilivyofanya. Jambo likinizidi naliachia, nakwenda kuuliza kama gari limefika. Ningenyamaza tu, mzigo ungepanda meli, mzee angeniita mkwe, mke wangu angefungua begi lake jioni ile ile. Habari ya kuoza ingekuja baadaye sana, na lawama ingekuwa ya bahari. La kuvunda halina ubani, lakini ng'ambo ni mbali, harufu isingetufikia kwa haraka.

Mke wangu alikuwa ananiangalia. Naye alikuwa amelifikia wazo hilo hilo, nililiona machoni pake.

"Tukinyamaza," akasema, "mimi ninarudi nyumbani leo."

"Najua."

"Nataka kurudi."

"Najua. Na mimi nataka urudi. Nataka sana." Hilo lilitoka bila kuchelewa, hata mimi nilishangaa. "Lakini baba yako atapita njia gani kwenda dukani?"

Nikasimama, nikaenda kwenye stoo ya vifaa, nikachukua mkasi mkubwa wa kukatia vyuma.

Sikumwomba Kengele ruhusa. Najua angesema nini, na yadi nzima ingesikia. Nilipofika kwenye kontena, dereva wa gari la kupeleka mizigo melini alikuwa anageuza aje kulichukua. Nikamwonyesha mkono asimame. Nikabana lakiri kwenye meno ya mkasi, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikalia ta! ikaanguka kwenye lami.

Nikavuta komeo. Nikafungua mlango.

Mtu anayefungua kontena la baridi hupigwa na ukungu mweupe usoni. Nimepigwa nao kila siku ya kazi yangu. Safari hii haukuja. Ilikuja harufu tamu, nzito, ya chumba ambacho watu wengi wamelala madirisha yamefungwa.

Nikavua glavu. Nikapenyeza mkono katikati ya maboksi, nikausukuma ndani mpaka bega likagota.

Joto.

Kwanza nililisikia kwenye kiwiko, kisha kwenye kiganja. Kisha, haki ya Mungu, kwenye ncha za vidole. Vidole vile vile vilivyomshika mama visimsikie. Joto la kitu kilicho hai, kinachopumua, ambacho hakijaharibika bado. Nikabaki pale, shavu kwenye kadibodi, mkono ndani, na nikaanza kulia. Nilimlilia mama yangu mbele ya maparachichi ya watu. Nililia kwa sauti, kamasi na vyote, mpaka dereva akashuka kwenye gari akavua kofia.

Mkono ukanigusa mgongoni. Alikuwa mke wangu. Naye alipenyeza mkono wake ndani karibu na wangu, akalisikia lile joto, akasema polepole, "Mungu wangu, yangepikika."

"Bado hayajaiva," nikamwambia. "Tukiyatoa sasa hivi yatapona."

"Friji!"

Kengele alikuwa anakuja mbio, na nyuma yake walinzi wawili. Na nyuma ya walinzi, akichechemea, kofia mkononi, udongo mwekundu kwenye viatu, baba mkwe.

Kengele akaiokota lakiri kutoka chini, akainyanyua juu kila mtu aione. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Nani ameikata hii?"

Nikafuta macho kwa mkono wa ovaroli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mimi," akasema mke wangu.

Akapiga hatua mbele yangu, bahasha ya karatasi kifuani. "Mimi ndiye mwakilishi wa mwenye mzigo. Nimeikata mimi."

Kule gatini meli ikapiga honi. Kengele akamgeukia mzee, taratibu.

"Mzee, wewe ndiye mwenye mzigo. Huyu binti ulimpa ruhusa ya kufungua, au niwaite polisi?"

Baba mkwe alimtazama binti yake. Akaniangalia mimi, uso wangu umelowa, na mkasi ule bado uko mkononi mwangu. Kisha akatupita wote wawili, akaenda mlangoni, akaingiza mkono wake katikati ya maboksi, akausukuma mpaka bega likagota.

Alibaki hivyo, ametupa mgongo. Hatukuuona uso wake, na jibu alilompa Kengele nitawaambia wiki ijayo.